Samaki Huchinjwa ni Nani?

Sisi tuliokulia Frere Town, Mombasa, enzi zile, kabla maghorofa hayajatuzibia upepo, hatukuhitaji redio itutangazie kwamba Krismasi imebisha hodi. Tuliijua kwa pua. Kwanza ilikuja harufu ya chokaa, maana kila nyumba ilipakwa upya, hata ile iliyobakiwa na ukuta mmoja wa kusimama. Kisha harufu ya mvinje, kwa sababu Baba alikata tawi lake, akalisimamisha katika debe la mchanga kando ya kabati, nasi tukalibandika pamba. Pamba ile ndiyo theluji. Kaskazi yavuma, jasho latutiririka mgongoni, na sisi twabandika theluji ambayo hata mwalimu wetu hakuwahi kuiona. Mwisho kabisa ikaja harufu ya kitambaa kipya.

Mama alikuwa na imani moja kuhusu nguo za sikukuu: jora moja, watoto wote. Fundi alikata magauni, akakata mashati, na kilichobaki kikawa foronya za mito ya viti. Tukikaa sebuleni, mgeni ilibidi atazame mara mbili kabla ya kuketi, asije akamkalia mtoto. Sasa mwaka jana mkwe wangu Akinyi, mke wa mwanangu Baraka, akatuagizia nguo za kulalia za kufanana, mikono mirefu, kitambaa kizito cha nchi za baridi, kifuani picha ya kulungu mwenye pua nyekundu. Akatuandikia kwenye kundi la familia la simuni: "Familia, Krismasi hii tuanzishe desturi yetu mpya." Nilicheka mpaka miwani ikanidondoka. Mimi nivae kulungu, hapa mtaani kwangu Mjambere, mwezi wa Desemba! Kisha nikaikumbuka ile mito ya viti, nikanyamaza.

Vijana wetu, Mungu awabariki, wanadhani desturi huanzishwa kwa kikao. Kuwe na mwenyekiti, katibu, rangi ya siku na mpiga picha. Desturi ya Krismasi ya kwetu ilianzishwa na kosa la mjomba wangu, asubuhi moja kabla jua halijapanda, na aliyekosea alikuwa anatabasamu.

Ukuta kwa ukuta nasi waliishi Bwana Shee, mwenye duka la viungo, mkewe Bi Mwanaisha, na binti yao Rukia, rika langu. Wao watu wa Mvita tangu na tangu, Waislamu wa sala tano. Sisi Warabai, watu wa kanisa. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, Mama aliweza kuyasahau meko yake jioni, kwa jinsi sahani zilivyovuka ukuta: mihogo ya nazi, mkate wa sinia, tambi za sukari, uji wa pilipili manga. Tulifuturu kwa bidii kuliko waliofunga, na chakula cha mchana tulikuwa tumeshakula. Krismasi ndiyo ilikuwa zamu yetu. Mkeka ulitandikwa barazani, nao wakaja wakala kwetu.

Kwa hiyo kila Krismasi, akitoka kusali alfajiri, Bwana Shee alipitia kwetu na kisu chake kimefungwa kitambaa. Alimlaza mbuzi wetu, akamwelekeza kibla, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akachinja. Hakuna aliyeona ajabu. Mkristo wa pwani akitaka jirani ale kwake, humwita Muislamu amchinjie. Tulilijua hilo kama tulivyojua kwamba mkubwa huamkiwa shikamoo.

Mwaka ninaousimulia, mimi nilikuwa na furaha yangu ya pembeni. Bi Mwanaisha aliliona jora la Mama, samawati yenye maua meupe, likamkaa moyoni, akaomba kipande. Rukia akashonewa gauni sawa na langu, ila la kwake refu, lenye mikono. Tulishapanga namna tutakavyokaa mkekani bega kwa bega, ili wageni waulize yupi ni nani. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa Krismasi yenyewe. Mtoto Yesu anisamehe.

Jioni ya kuamkia sikukuu, akatufikia Mjomba Kazungu, kaka yake Mama, mkulima wa Kaloleni. Alikuja na mbuzi beberu, zawadi kwa dada yake. Mjomba alikuwa na moyo mkubwa na mikono mikubwa zaidi, na mikono ile haikujua kupumzika. Ukimpa kiti, atakikaza misumari kwanza ndipo akikalie. Hakuwahi kula Krismasi mjini, na kijijini kwake mwenye kisu ndiye mchinjaji. Hakuna aliyemwambia habari ya Bwana Shee, kwa maana jambo ambalo kila mtu analijua halina msemaji.

"Hodi hapa! Sabalkheri, wenyewe," tukamsikia Bwana Shee asubuhi.

Tukatoka nje na Baba. Mbuzi alikuwa ananing'inia kwenye mwarobaini, keshachunwa, na Mjomba amesimama kando yake, damu mpaka viwikoni, uso unang'aa kama wa bwana harusi.

"Karibu, mwenzangu," Mjomba akamwambia Bwana Shee. "Nimeambiwa na watoto sasa hivi kwamba wewe ndiye mchinjaji. Nimekupunguzia kazi. Supu iko motoni."

Bwana Shee alimtazama mbuzi, akakitazama kisu chake. Alikuwa mtu wa adabu ambayo siku hizi haiuzwi hata madukani.

"Ahsante, bwana. Mungu akulipe kwa bidii yako," akasema. "Nawatakia sikukuu njema." Akageuka, akaenda zake polepole.

"Mtu mstaarabu sana yule," Mjomba akatwambia.

Mama alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Aliuona mti, akauona mgongo wa jirani unaondoka, akakaa pale pale kwenye kizingiti. Mara Rukia akaniita kutoka upande wa pili wa ukuta, sauti imejaa kilio: "Kadzo! Baba asema leo hatuli kwenu! Mbuzi wenu kibudu!"

Neno hilo lilimpanda Mjomba kichwani. Alilolijua yeye, kibudu ni mnyama aliyejifia, aliyeokotwa kichakani nzi wakiwa wameshamfikia.

"Kibudu? Mimi Kazungu nimletee dada yangu kibudu? Mbuzi huyu amepanda basi kwa miguu yake mwenyewe! Konda ni shahidi yangu!"

Baba akamshika bega, akamwelewesha taratibu kwamba kwa jirani zetu, hata mnyama mwenye afya yake, asipochinjwa kwa utaratibu wao, ni kibudu tu, hawamgusi. Mjomba akaanza kushuka kidogo kidogo, kama unga unaotulia kwenye pishi. Akakaa juu ya gogo la kuni.

"Dada," akasema, "nimekuharibia sikukuu."

Nililia. Sikumlilia mbuzi, wala sikumlilia mjomba. Nilililia gauni la samawati lililokuwa ng'ambo ya ukuta, ambalo halingekaa karibu na langu. Nilijua kwa akili yangu ya kitoto kwamba watu wasiokula pamoja siku ya sikukuu huanza kusalimiana kwa mbali, na baadaye hawasalimiani.

Mama akajifunga leso, akaenda kwa jirani, nami nyuma yake. Uani kwao Bi Mwanaisha alikuwa akichoma mahamri, na harufu ya iliki imejaa kote.

"Karibu, Mama Kadzo," akasema kabla Mama hajafungua kinywa. "Usijitie tabu, mwenzangu. Jambo limetokea, limepita. Tutakuja kuwapa mkono wa sikukuu, na chai tutakunywa."

"Chai!" Mama akasema. "Mwezi mzima nimekula futari yako, Mwanaisha, mimi na wanangu. Leo kwangu muje mniangalie nikitafuna?" Machozi yakamtoka. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama akilia mbele ya watu, na niliogopa.

Bi Mwanaisha akageuza andazi ambalo lilikuwa limeshageuzwa. Hapo ndipo tukamsikia Bwana Shee kutoka ndani chumbani, alikokuwa amekaa na kikombe chake cha kahawa, akiuliza kana kwamba anaiuliza dari:

"Kwani samaki huchinjwa ni nani?"

Wale wanawake wakatazamana. Kwanza akacheka Bi Mwanaisha, kisha Mama, tena kwa lile cheko la machozi bado yako shavuni. Samaki hana mchinjaji. Akitoka majini ni halali tayari, awe amevuliwa na Shee au na Kazungu. Mama alikimbilia ukutani akamwita Baba kwa sauti ambayo naamini ilifika sokoni Kongowea kabla Baba mwenyewe hajafika.

Baba alikuwa keshavaa suti, kwani siku hiyo alitakiwa kusoma neno kanisani. Akapanda baiskeli vile vile na suti yake mpaka sokoni Kongowea, na kwa kuwa kengele ilikuwa imeshalia, hakupita nyumbani. Alikuja moja kwa moja kanisani na kikapu cha samaki, changu kadhaa na tewa mmoja mnene mkia wake ukichungulia nje, wote wamefunikwa gunia lililoloa. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akajifuta mikono, akaingia kusoma habari za wachungaji waliokuwa wakilinda makundi yao usiku.

Mimi nilipewa kulinda kikapu mchana. Kunguru wa Mombasa mnawajua, hawaheshimu ibada. Walishatua paani, wanapokezana kuchungulia. Nilisimama pale na fimbo, machozi hayajakauka vizuri, mara namwona Rukia anakuja mbio ameinua pindo la gauni lisishike vumbi. Ametumwa na mamake aje anisaidie. Basi tukalinda wawili, kila mmoja upande wake wa baiskeli. Ndani watu wakaimba, nami nje nikaimba huku nikipunga fimbo. Rukia nyimbo zetu alizizoea kwa kuzisikia kupitia ukutani. Aliifuata sauti kwa pua tu, maneno akaniachia mwenyewe. Watu walipotoka, mama mmoja akasimama akatuuliza kama sisi ni mapacha. Tukasema ndiyo, wote wawili kwa pamoja, na siku yangu ikawa imekamilika hapo hapo.

Sasa wapikwe wapi? Sufuria zote za kwetu Mjomba alishazitia mbuzi, hata ya kuchemshia maji ya kuoga. Bi Mwanaisha akasema hilo nalo si la kuumiza kichwa, uani kwake kuna meko na vyombo. Krismasi ya kwetu ikahamia uani kwa Muislamu. Mama alibeba nazi na mchele, Bi Mwanaisha akatoa kitunguu saumu, tangawizi na ukwaju. Samaki wakachomwa juu ya makaa, wakapakwa tui zito mpaka likakamata na kuanza kuungua pembeni, na wali wa nazi ukapaliwa makaa juu ya kifuniko.

Mjomba Kazungu alikuja nyuma kabisa, amekoga, anatembea kama mtu aliyeitwa na chifu. Akasimama mlangoni, mikono haijui pa kwenda. Akaiona mbuzi ya kukunia nazi, ile ya mti yenye ulimi wa chuma, imekaa bila mtu. Bila ya kuuliza akaikalia, akashika kifuu, akaanza kukuna. Mwanamume mzima, mbele ya wanawake! Bwana Shee akamgeukia.

"Kazungu," akasema, "huyo mbuzi uliyemkalia sasa nimekuruhusu. Huyo hana kibudu."

Cheko lililopanda uani pale, nadhani wale kunguru ndipo walipokata tamaa. Mjomba alicheka kuliko sote, akicheka anafuta macho kwa kiwiko, na nazi akazikuna zote mpaka Mama akamnyang'anya ya mwisho. Tukala mkeka mmoja. Wa kula mbuzi walikwenda kumla baadaye upande wa kwetu, na mimi nakwambia, beberu wa Kaloleni hakuwahi kukosa wateja kama siku ile.

Mwaka uliofuata hakuna aliyeitisha kikao. Mbuzi alichinjwa na Bwana Shee kama kawaida, na kila kitu kingeweza kurudi kama zamani. Lakini asubuhi ile Bi Mwanaisha aliita ukutani, "Mama Kadzo, meko nimeshawasha, hao samaki wa wapi?" Naye Mjomba alishuka kwenye basi na gunia la nazi begani, akaenda moja kwa moja kuikalia mbuzi yake. Tangu hapo Krismasi ya kwetu ni samaki wa kupaka, apikwe kwa jirani, na nazi ikunwe na mwanamume. Ukiuliza imeandikwa wapi, utajibiwa ule kwanza.

Wazee wale wote wametangulia, Mungu awalaze pema. Bi Mwanaisha ndiye aliyekawia, hata akawahi kumwona Akinyi akiletwa kama bibi harusi kutoka Kisumu. Siku ya kwanza alimwita kwa Kimvita chake, "Ndoo hapa, mwanangu," yaani njoo, na mtoto wa watu akamletea ndoo ya maji. Akinyi ni mtu wa ziwani. Samaki wa Krismasi alimkubali papo hapo, lakini mpaka leo haamini kwamba samaki aliyekwisha kutolewa majini anahitaji kuzamishwa tena kwenye nazi.

Nyumba za Frere Town ziliuzwa, mimi nikahamia Mjambere na Rukia akajenga Mishomoroni. Kila Krismasi tulikwenda kupika uani kwake. Jikoni kwangu haiwezekani, kwa sababu mwanangu Baraka alipokwenda kusoma Nairobi alirudi na shahada na mapenzi ya nyama ya nguruwe, nayo hupikwa katika sufuria zangu. Rukia hajawahi kusema neno. Akija kwangu hunywa maji ya chupa, na husema ameshiba.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, akanipigia simu. Miguu imemchoka, nyumba amewaachia wapangaji, yeye anahamia kwa mwanawe, ghorofa ya nne. Mwenye nyumba hataki makaa. "Mwenzangu," akasema, "sina uani tena." Nikamwambia si kitu, umri ndio huo, kila mtu atakula kwake na tutasalimiana kwa simu. Nilipokata simu nililia vile vile nilivyolia zamani, na safari hii sikuwa na Mama wa kujifunga leso.

Akinyi alinikuta hivyo. Akauliza, "Mama, kwani samaki lazima apikwe kwa Shangazi Rukia?" Ndipo nikagundua kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyemsimulia. Lile lile la jambo lisilo na msemaji. Nikamwambia yote, mbuzi, kibudu, baiskeli, mpaka kifuu cha mwisho. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaniuliza sufuria za wali huwa za ukubwa gani.

Siku chache baadaye simu ikalia tena. Ni Rukia, na nyuma yake namsikia Baraka akihema.

"Kadzo, huyu mkweo kanipandia ngazi zote hizi na mumewe kabebeshwa sufuria mpya," akasema. "Asema hazijaingia kitu, na hazitaingia kitu. Zikae kwangu. Krismasi zishuke zije kwako zipike samaki, kisha zirudi. Wallahi nimeshindwa kusema." Kisha akauliza, "Atoka wapi vile, mtoto huyu?"

"Kisumu."

"La. Huyu ni wa hapa."

Basi Krismasi iliyopita sufuria zilishuka kutoka ghorofa ya nne na mwenyewe akashuka nazo, akapewa kiti kando ya meko yangu uani, akatuamrisha sote. Wajukuu walitaka tui la pakiti, nikawafukuza. Baraka aliikalia mbuzi akakuna, akajikata kidole, akatafuta huruma, akakosa. Yule kulungu nilimvaa, nasema kweli, mpaka chai ya asubuhi, kisha jasho likaamua. Na Rukia alikula kwangu. Alikula akaongeza, akakwangua hata ukoko, na hakusema ameshiba mpaka aliposhiba.

Desturi ile ya nguo za kulalia sijui kama itafika mbali, lakini hii ya sufuria za kupanda na kushuka, naona tayari wajukuu wanagombea nani azibebe mwaka huu. Wengi wao hawamjui hata anayeishi mlango wa pili. Siwalaumu. Sisi jirani hatukumtafuta. Tulizaliwa tukamkuta ukutani, kama tulivyomkuta mama na baba, hatukufanya kazi yoyote kumpata. Hawa wetu itawabidi wamtafute, tena wapande ngazi. Mke wa mwanangu, mtu wa kuja, ndiye aliyezipanda wa kwanza.